Barolo: jinsi ya kuusoma mwaka wa mavuno na kujua chupa ifunguliwe lini

Mtu anaposhika chupa ya Barolo, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye mwaka ulioandikwa, na swali la kwanza huwa: je, mwaka huu ulikuwa mzuri? Swali hilo linamfaa muuzaji kuliko mnywaji. Mnywaji anahitaji kuuliza jambo jingine: mvinyo wa mwaka huu umefikia wapi sasa, na utendewe vipi kabla haujaingia kwenye glasi? Barolo ya 2016, mwaka unaosifiwa na karibu kila mjuzi, ikizibuliwa mapema na kunywewa ikiwa baridi mno itakaza ulimi mpaka mtu ajiulize sifa zote zile zilitoka wapi. Ya 2014, mwaka wa mvua ambao wanunuzi wengi waliupuuza, inaweza kunyweka kwa raha zaidi meza hiyo hiyo, usiku huo huo. Kwa hiyo hapa tutausoma mwaka kama habari ya hali ya hewa na ya muda, kisha tuingie kwenye kazi ya mikono: kukagua, kuhifadhi, kuzibua, kumimina na kuonja.

Zabibu moja, vijiji 11

Barolo hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo, kwenye vilima vya Langhe, kusini-magharibi mwa mji wa Alba katika jimbo la Piemonte, Italia. Eneo lenyewe lina vijiji 11. Vitatu vimo ndani ya mipaka kwa ukamilifu: Barolo, Castiglione Falletto na Serralunga d'Alba. Vingine, vikiwemo La Morra, Monforte d'Alba, Novello na Verduno, vimo kwa sehemu.

Mvinyo huu una daraja la juu kabisa la sheria za Italia, DOCG, tangu 1980. Sheria inadai ukae miezi isiyopungua 38, ikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao. Ndiyo maana Barolo ya 2019 haikuruhusiwa kuuzwa kabla ya Januari 2023. Ikiandikwa Riserva, muda ni miezi 62. Kilevi kisipungue asilimia 13, ingawa siku hizi nyingi hufika 14 au 14.5, na miaka ya joto 15.

Tabia za Nebbiolo ndizo zinazoufanya mwaka uwe na uzito mkubwa hivi. Mzabibu huu huchipua mapema kuliko majirani zake na huiva mwisho wa wote, mara nyingi Oktoba, wakati ukungu umeshaanza kujaa mabondeni. Hivyo hukaa shambani muda mrefu, na kila siku ya ziada ni siku ya hatari. Jambo la pili: maganda yake yana rangi kidogo lakini tanini nyingi, na uchachu wake ni mkali. Tanini ndiyo ile inayoleta ukakasi, kama ganda la ndizi mbichi likigusa ulimi: hunata kwenye protini za mate, na mate yakipungua utelezi, mdomo unahisi umekauka. Barolo basi ni mvinyo mwepesi wa rangi na mzito wa ukakasi. Mgeni akiona wekundu uliofifia hudhani mvinyo ni dhaifu, anakunywa fundo kubwa, na hapo ndipo anaposhtuka.

Hali ya hewa inaingiaje ndani ya chupa

Anza na Aprili. Baridi ya kugandisha ikipiga wakati machipukizi yametoka, mavuno hupungua, hasa chini ya mabonde. Hilo hupunguza idadi ya chupa zaidi kuliko ubora wake. Mvua nyingi za Mei na Juni huleta kuvu kwenye majani na vishada. Mkulima makini huokoa shamba, mzembe hulipoteza. Mvua ya mawe ya kiangazi ni balaa la kubahatisha: hupiga mteremko mmoja na kuuacha wa jirani ukiwa salama, kwa hiyo usihukumu vilima vyote kwa habari ya kilima kimoja.

Lakini mwezi unaoamua ni Septemba, pamoja na wiki mbili za kwanza za Oktoba. Kinachotafutwa ni mchana wa joto na usiku wa baridi. Mchana huivisha maganda na kokwa. Usiku wa baridi hulinda uchachu na harufu. Vikipatikana vyote viwili, tanini huiva bila uchachu kushuka, na mvinyo unaweza kuishi miaka 30 au zaidi. Joto lisipopoa hata usiku, sukari hupanda haraka, kilevi kinapanda nayo, uchachu unashuka, na mkulima analazimika kuvuna kabla kokwa hazijaiva vizuri. Mvinyo kama huo huwa mkarimu ukiwa mchanga, una ladha ya matunda yaliyoiva sana, lakini mwishoni mwa fundo unaweza kuacha ukavu mchungu usiokwisha kwa miaka. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, zabibu hujaa maji na kuoza. Wanaochambua vishada kwa mkono hupata mvinyo mwepesi wenye harufu nzuri, na wasiochambua hupata maji yenye ukakasi.

Miaka yenyewe

Miaka ya 2010, 2013, 2016 na 2019 iko kundi moja: msimu mrefu, mavuno ya taratibu, uchachu na tanini vyote vimesimama imara. Ya 2013 ni kali zaidi na yenye harufu kali ya majani na maua; ya 2016 ina uwiano ambao ni vigumu kuukosoa. Hizi zipe miaka 10 hadi 12 tangu mavuno kabla ya kuzifungua kwa matarajio makubwa, na zikihifadhiwa vizuri zitaendelea hadi 25 au 30.

Ya 2007, 2009, 2011, 2015 na 2017 ni miaka ya joto. Si mibaya. Hufunguka mapema, kati ya miaka 6 na 8, na nyingi hunywewa vizuri kabla ya kufika 15 hadi 20. Ya 2017 ilikuwa na ukame mkubwa, kwa hiyo ubora unatofautiana sana kati ya mzalishaji na mzalishaji. Ya 2003, mwaka wa joto lililoiunguza Ulaya nzima, ni funzo la peke yake: chupa nyingi zilizeeka haraka zikabaki na tanini kavu bila tunda la kuzifunika.

Ya 2014 na 2018 ni miaka ya mvua, kila mmoja kwa namna yake. Mvinyo wake ni mwembamba zaidi, wenye waridi na cheri, na huwa tayari ukiwa na miaka 5 hadi 8. Ukimpata mzalishaji mwangalifu katika miaka hii unapata Barolo ya kweli kwa bei ndogo, na unainywa leo badala ya kuisubiri. Ya 2002 ilikuwa mbaya zaidi: mvua na mawe viliharibu mashamba mengi, na wazalishaji kadhaa hawakutoa mvinyo wao wa mashamba maalumu mwaka huo. Hata hivyo nyumba ya mvinyo ya Giacomo Conterno ilitoa Barolo yake iitwayo Monfortino ya 2002, na leo ni miongoni mwa chupa zinazotafutwa. Mzalishaji mzuri katika mwaka mbovu ni dau salama kuliko mzalishaji wa kawaida katika mwaka wa sifa, na kanuni hii itakuokolea pesa nyingi kuliko jedwali lolote la alama ambazo wakosoaji huipa miaka ya mavuno.

Kuhusu majedwali hayo, mfano unaotosha ni 1996 na 1997. Mwaka 1997 ulikuwa wa joto, mvinyo ukatoka laini, na wakosoaji wakaumwagia sifa tangu mwanzo. Ule wa 1996 ulikuwa mgumu, mchachu, umejifunga. Miongo miwili baadaye wanywaji wengi waligundua kwamba ya 1996 bado ina uhai mwingi, na nyingi za 1997 zimeshapita kilele. Alama hutolewa mvinyo ukiwa mchanga. Tanini ngumu hupunguza alama siku hiyo, ilhali ndizo zinazoubeba mvinyo baadaye.

Ardhi na mkono wa mtengenezaji

Upande wa magharibi, La Morra na kijiji cha Barolo, udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa, wa rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Mvinyo wake una harufu nyingi na hulainika mapema kidogo. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na sehemu kubwa ya Monforte d'Alba, udongo ni wa zamani zaidi, umechanganyika na mawe ya mchanga, na mvinyo hutoka mgumu, wenye mgongo. Ukikuta chupa mbili za 2016, moja ya La Morra na nyingine ya Serralunga, anza na ya La Morra. Nyingine iongezee miaka mitatu au minne.

Mkono wa mtengenezaji nao hubadili hesabu. Wanaofuata njia ya zamani huacha maganda kwenye mvinyo kwa wiki nyingi, kisha huulaza kwenye mapipa makubwa ya mwaloni ambayo hayatoi ladha ya mbao. Miaka ya 1980 kundi la vijana, Elio Altare akiwa mstari wa mbele, walifupisha muda wa maganda na kutumia mapipa madogo mapya ya lita 225, ili mvinyo uwe laini mapema. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Siku hizi pande mbili zimesogeleana, lakini ukinunua chupa za miaka ya 1990 jua ni mkono gani ulioitengeneza: harufu nzito ya vanila na mbao iliyochomwa inatoka kwenye pipa, haitoki kwenye mwaka.

Kusoma lebo

Jina la mzalishaji ndilo la kwanza kwa umuhimu. Tafuta pia maneno Imbottigliato all'origine, yanayoonyesha kuwa aliyelima ndiye aliyetia kwenye chupa. Jina la shamba, kama Cannubi, Brunate, Vigna Rionda au Monvigliero, ni mojawapo ya maeneo 181 yaliyowekewa mipaka rasmi tangu 2010. Jina la shamba halihakikishi ubora. Bussia kwa mfano ni eneo kubwa mno, lenye miteremko mizuri na ya kawaida. Barolo isiyo na jina la shamba kwa kawaida ni mchanganyiko wa mashamba kadhaa, na kuchanganya hivyo ndiyo desturi ya kale. Nyumba ya Bartolo Mascarello imeishika mpaka leo, na mvinyo wake hauna cha kuomba kwa yeyote.

Angalia asilimia ya kilevi. Ni kipimo kidogo cha hali ya hewa kilichochapishwa kwenye lebo bure: 13.5 au 14 inaashiria mwaka wa baridi au shamba la juu, 15 inaashiria joto. Shingoni au juu ya kifuniko lazima kuwe na ukanda wa karatasi wa DOCG wenye namba. Ukikosekana, usinunue.

Kukagua chupa iliyozeeka

Chupa yenye zaidi ya miaka 15 inunuliwe kwa macho. Simamisha chupa, upime pengo kati ya sehemu ya chini ya kizibo na usawa wa mvinyo. Sentimita 2 hadi 3 ni sawa. Kwa chupa ya miaka 30, sentimita 4 au 5 si ajabu. Zaidi ya hapo, hewa imeingia kwa wingi na bahati tu ndiyo itakayokuokoa.

Kizibo kiwe sawa na mdomo wa chupa. Kikiwa kimejisukuma juu hata milimita mbili, au kuna michirizi mikavu ya kunata chini ya kifuniko cha bati, chupa ilipata joto: mvinyo ulitanuka ukasukuma. Kifuniko kinachozunguka kwa vidole ni dalili njema, maana hakijagandishwa na mvinyo uliovuja. Weka tochi nyuma ya chupa. Rangi ya tofali lililokolea maji au chungwa jekundu ni ya kawaida kwa Nebbiolo mzee. Kahawia iliyofifia isiyo na wekundu wowote, kama chai iliyolala, ni ya mvinyo uliokufa. Lebo yenye madoa ya unyevu isikutishe, kwani mara nyingi inamaanisha ghala lilikuwa na unyevu wa kutosha na vizibo havikukauka.

Kuhifadhi

Laza chupa ili mvinyo uguse kizibo. Joto liwe nyuzi 12 hadi 14, unyevu asilimia 60 hadi 75, giza, na pasiwe na mtikisiko. Kinachoua zaidi ni joto linalopanda na kushuka: kila likipanda mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, likishuka huvuta hewa ndani. Ghala la nyuzi 16 zisizobadilika ni bora kuliko la 12 zinazoruka hadi 22 kila mchana. Friji ya jikoni inafaa siku chache tu. Ndani yake ni pakavu na injini hutikisika. Kama huna mahali penye ubaridi wa kudumu, nunua miaka ya joto au ya mvua iliyoiva tayari na uinywe ndani ya mwaka. Kuhifadhi 2016 kabatini karibu na jiko ni kuitupa. Chupa ya lita 1.5 huzeeka polepole kuliko ya mililita 750, kwa kuwa hewa inayopita kwenye kizibo ni karibu ile ile na mvinyo ni mara mbili.

Siku ya kufungua

Barolo changa, yenye chini ya miaka 10, inataka hewa. Izibue saa mbili au tatu kabla ya kula, uimimine kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana, bila woga, iache irukeruke. Kuzibua chupa na kuiacha imesimama dakika 20 hakufanyi chochote, maana hewa inagusa eneo dogo kama sarafu tu.

Barolo iliyozeeka inataka kinyume chake. Isimamishe wima siku mbili kamili mahali pa baridi, ikiwezekana siku nne, kwa sababu mashapo ya Nebbiolo ni laini kama vumbi na hayatulii haraka. Ukiinywa imevurugika itakuwa chungu na yenye ukungu, na utaulaumu mwaka bure. Kizibo cha miaka 25 huvunjika kwa kizibuo cha kawaida cha skrubu. Tumia kile chenye mikono miwili bapa ya chuma, kinachopenya pande zote mbili za kizibo. Kiingize kwa kukitikisa taratibu kulia na kushoto, kisha zungusha huku ukivuta. Kizibo kikivunjika na vipande kuangukia ndani, mimina kupitia kichujio safi cha matundu madogo, na kazi iendelee.

Baada ya kuzibua, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kibichi, mimina mililita 50 uonje, na uiache chupa imesimama wazi saa tatu hadi tano mahali pa nyuzi 14 au 15. Kwa nini si jagi? Harufu za mvinyo mzee ni chache na nyepesi, na jagi pana linaweza kuzipeperusha ndani ya nusu saa. Ukilazimika kutenganisha mashapo, tumia chombo chembamba. Washa tochi chini ya shingo ya chupa, mimina kwa mwendo mmoja usiokatika, na ukiona uzi mweusi unasogelea bega la chupa, simama. Utapoteza mililita 30 au 50. Kukatiza na kuanza tena huamsha mashapo yote, na hapo utapoteza zaidi.

Joto la kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. Chini ya 14 ukakasi huwa kama msasa na harufu hazitoki. Juu ya 20 kilevi kinachoma pua na mvinyo unalegea. Chupa iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 25 itahitaji karibu saa moja kwenye friji, au dakika 8 hadi 10 kwenye ndoo ya maji na barafu. Ikiwa mzee, tumia friji na uiweke wima. Kipimajoto cha jikoni kikizamishwa kwenye glasi ya kwanza kitakwambia ukweli kuliko kiganja chako.

Ndani ya glasi

Tumia glasi kubwa, yenye tumbo pana na mdomo uliobana, inayobeba mililita 600 au zaidi. Mimina mililita 70 hadi 100 tu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe na uangalie ukingo. Barolo ya miaka minne ina wekundu wa komamanga katikati na ukingo mwembamba unaoanza kuelekea rangi ya chungwa. Ya miaka 20 ukingo huo umepanuka kama upana wa kidole, na unaweza kusoma herufi za karatasi kupitia mvinyo. Ikiwa ni nyeusi na nzito kama wino, jiulize kama kweli ni Nebbiolo.

Nusa kwanza bila kuzungusha. Harufu za juu kabisa, waridi na urujuani, hupotea haraka na kuzungusha huzifukuza. Kisha zungusha mara tatu, nusa tena. Sasa hutoka cheri chachu, ganda la chungwa, majani makavu, na ile harufu ambayo watu wa Langhe wenyewe huitaja pamoja na waridi: lami. Ni harufu ya barabara mpya baada ya jua, na ukishaikamata mara moja hutaisahau. Umri ukiongezeka huja ngozi, tumbaku, udongo wa msituni na uyoga.

Chukua fundo dogo, lizungushe mdomoni sekunde kumi, vuta hewa kidogo kati ya meno. Sasa sikiliza ukakasi uko wapi, kwa sababu hapa ndipo mwaka unapojieleza. Ukikaa kwenye ulimi na kwenye fizi za mbele, ukawa wa punjepunje laini kama unga, tanini zimeiva. Ni suala la muda tu. Ukishika upande wa ndani wa mashavu na kukwaruza, ukaacha uchungu kama wa kokwa iliyotafunwa, tanini hazikuiva na miaka haitazisaidia sana. Kisha hesabu mate: baada ya kumeza, uchachu mzuri huyarudisha ndani ya sekunde tano. Mdomo ukibaki mkavu, uchachu ni mdogo, na chupa hiyo inywe mapema. Ladha ya matunda ikidumu zaidi ya sekunde 20 baada ya kumeza, mvinyo bado una akiba.

Usionje mara moja ukahukumu. Glasi ile ile ionje ikizibuliwa, baada ya nusu saa, na baada ya saa mbili. Barolo hubadilika kati ya nyakati hizo kuliko mvinyo mwingine wowote mwekundu tunaoujua.

Kasoro, na zisizo kasoro

Harufu ya boksi lililoloana au chumba chenye ukungu hutokana na kemikali ya kizibo iitwayo TCA. Hewa haiiondoi, baada ya saa moja huzidi. Rudisha chupa dukani. Harufu ya siki kali au dawa ya kutoa rangi ya kucha ni ya bakteria waliozidi. Kidogo tu huvumilika, na huongeza uchangamfu, lakini ikiwaka puani mvinyo umeharibika. Harufu ya zizi la farasi hutokana na chachu iitwayo Brettanomyces, na hapo watu hutofautiana: sisi tunaikubali ikiwa nyuma ya tunda, tunaikataa ikiwa mbele yake. Ladha ya zabibu kavu zilizopikwa katika mwaka usio wa joto inaonyesha chupa ilikaa juani au kwenye kontena.

Harufu ya kiberiti kilichowashwa si kasoro ya kudumu. Mvinyo ulifungwa bila hewa ya kutosha, na jagi litaimaliza kwa dakika 30.

Vilevile kuna kujifunga. Barolo nyingi za miaka imara, kati ya mwaka wa 5 na wa 10, hunyamaza: harufu hupotea, ukakasi unabaki peke yake. Anayefungua chupa wakati huo hudhani amedanganywa. Usiuze zilizobaki. Zirudishe ghalani.

Chakula, kwa ufupi

Protini na mafuta huzishika tanini kabla hazijashika mate yako, ndiyo maana Piemonte hupika nyama ya ng'ombe polepole ndani ya Barolo yenyewe, wanaiita brasato, au hula tambi nyembamba za mayai, tajarin, pamoja na siagi na uyoga mweupe wa chini ya ardhi wa Alba. Jibini gumu lililozeeka linafaa pia. Pilipili kali huongeza ukali wa kilevi na ukakasi, na saladi yenye siki huufanya mvinyo uonekane bapa. Barolo ya miaka 25 au zaidi ipe chakula cha kawaida kabisa, kisiishindanie.

Kipimo cha siku ya pili

Ukinunua chupa sita za mwaka mmoja, moja kati yao ni ya kupimia. Ifungue, kunywa nusu bila jagi, kisha rudisha kizibo na uiweke mahali pa nyuzi 12 hadi 14 kwa saa 24. Onja tena kesho yake, kwenye joto lile lile na glasi ile ile. Ikiwa imekuwa nzuri zaidi, laini na yenye harufu nyingi kuliko jana, zilizobaki zisiguswe kwa miaka mitatu au minne. Ikiwa iko sawa na jana, imeingia kwenye wakati wake: anza kuzinywa, moja kila mwaka. Ikiwa imelegea, tunda limeondoka na ladha inaelekea kwenye karanga na siki, usingoje sherehe yoyote. Andika tarehe na matokeo kwenye kikaratasi, ukifunge kwenye shingo ya chupa inayofuata, na usikisome mpaka utakapokuwa umeshaionja hiyo nyingine.